Somo Nililoliruka

Mambrui, Jumamosi, baada ya alasiri

Mwanangu Maryam,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua: umetoka hapa sasa hivi na mtandio mpya begani, unakwenda kumuaga shangazi yako, na hutarudi kabla ya magharibi kwa sababu shangazi yako hana neno fupi. Yangu nitakueleza mbele. Nimekaa kwenye meza ya jikoni, ile inayoyumba, nimetia kipande cha boksi chini ya mguu wake ili mwandiko wangu usionekane wa mlevi. Barua hii nitaiweka ndani ya begi lako, chini ya nguo za baridi, uikute ukifika Marsabit. Ukiikuta njiani isome, lakini usiisome na mtu amekaa ubavuni mwako.

Mambo ya kuchemsha maji, kufunga mlango na kutopokea chakula cha mtu usiyemjua garini, babako ameyasema mara tatu na nadhani amekuandikia pia. Mimi siyarudii. Wala sitakueleza habari ya kupika, kwa sababu huko tulishashindana na wewe ukashinda kwa kutojua kabisa.

Nataka kukuandikia habari ya lile daftari langu la masomo. Uliliomba wiki mbili zilizopita, ukasema umepangiwa watoto wa gredi ya nne, na jambo la kwanza utakalowafundisha ni safari ya kompyuta, kule ilikotoka mpaka ikawa simu ya mkononi. Nilifurahi na sikuficha. Nikakutolea daftari lenyewe, la jalada la kijani. Ulilipekua palepale ukaniuliza mbona katikati kuna kurasa zimetoka, na mbona nimeacha magurudumu yenye meno nikarukia transista. Nikakwambia ni mende. Hakuna mende anayekata karatasi kwa wembe, mwanangu, na wewe si mjinga, ila uliniheshimu ukanyamaza.

Kurasa zile nilizikata mimi. Ningeweza kuendelea kunyamaza, maana nimenyamaza miaka kumi na miwili na hakuna aliyeniuliza. Lakini Jumatano, kwenye dua ya kukuaga, kina mama walikuuliza utaanzaje na watoto wa watu usiowajua. Ukajibu kwa sauti ya kiualimu kabisa. Ukasema darasani kwenu kulikuwa na mtoto mkaidi aitwaye Kadzo, alishika chombo alichokatazwa na mwalimu, akapoteza jicho, na wewe somo lako la kwanza litakuwa hilo: mkono wa mtoto haugusi kitu mpaka mwalimu aseme. Wakakusifu. Jirani yetu akanigeukia akauliza kama mwalimu mwenyewe ndiye mimi, nami nimeshika birika la kahawa. Nikasema ndiyo, ndivyo ilivyokuwa. Nikaendelea kumimina.

Kadzo hakukatazwa. Kadzo aliitwa, na aliyemwita ni mimi. Wewe ulikuwapo na uliona kwa macho yako mawili, na ukiwa na miaka kumi na mmoja ulilijua jambo hili vizuri kuliko unavyolijua leo. Nililitoa kichwani mwako nikatia jingine. Sasa unakwenda kusimama mbele ya watoto wa watu ukiwa umebeba uwongo wangu ukidhani ni busara, na mimi nimeshindwa kulala tangu Jumatano.

Nianze mbali kidogo, maana nataka ujue kwamba somo lile nililipenda. Shule yetu kule Magarini haikuwa na kompyuta ya kufanya kazi. Tulikuwa na umeme ofisini na kwenye darasa moja tu, na vitabu viwili vya somo hilo kwa watoto hamsini. Wenzangu waliandika ubaoni, kizazi cha kwanza hiki, cha pili hiki, watoto wakakariri mpaka mtihani ukapita. Mimi nilikataa. Nilisema mtoto hawezi kujua kitu kimetoka wapi kama hajashika kile kilichotangulia. Nilikuwa na kiburi na somo hilo, na kiburi chenyewe kilikuwa kitamu.

Kwa hiyo tulianza na kokoto. Nilimtoa mtoto mmoja nje achunge mbuzi wa kufikiria, kila mbuzi akitoka aweke kokoto moja mfukoni, ili hata asiyejua kuhesabu ajue jioni kwamba mmoja amepotea. Kisha tukatunga vizibo vya soda kwenye waya, tukahesabia. Kisha nikaleta cherehani ya bibi yako juu ya boda, watoto wakazungusha mkono wake mmoja mmoja, wakaona gurudumu linavyoliamrisha gurudumu jingine na sindano inavyofanya kazi bila kuambiwa kwa mdomo. Nikawaeleza kwamba zamani kulikuwa na watu waliotaka kutengeneza mashine ya hesabu kwa magurudumu matupu, na wengine walikufa hawajaimaliza. Watoto walihuzunika kweli kweli, kama waliokufa ni majirani.

Hapo ndipo Kadzo alipojitokeza. Wewe ulikaa naye dawati moja, sijui kama hilo bado unalikumbuka. Alikuwa binti wa Kazungu, na mamake alisuka mikeka ya ukili ambayo wanawake wa huku Mambrui walikuwa wakiagiza. Siku hiyo nilikuwa naeleza kwamba palikuwa na mashine ya kufuma nguo iliyopokea maagizo kutoka kwenye kadi zenye matundu, na fikra ile ndiyo iliyokuja kuingia kwenye kompyuta. Darasa zima lilinitazama tu. Kadzo, bila kuinua mkono wala kusimama, akasema mamake naye anahesabu, mbili juu moja chini, na ukikosea mara moja ua linavunjika mpaka mwisho wa mkeka. Kwa hiyo mkeka nao, akasema, una maagizo yake, na mamake ndiye anayeyasoma kwa vidole.

Nimefundisha miaka ishirini na sita, na watoto wa namna ile nimepata wawili au watatu. Utakapompata wako utatamani kumwonyesha kila kitu kabla ya wenzake. Utajiambia ni kwa ajili yake. Mimi nilijiambia hivyo, na sehemu ilikuwa kweli, lakini sehemu nyingine ni kwamba mtoto yule alinifanya nionekane mwalimu hodari, na nilianza kumtumia kwa kazi hiyo.

Jambo jingine lazima ulijue, ingawa nyumbani kwetu halisemwi. Kina Kazungu walikaa kwenye shamba la babangu. Si kwa kununua wala kwa kukodi. Babu yake Kazungu aliruhusiwa kujenga na kulima mahindi mradi asipande mti wa kudumu, na watoto na wajukuu wakaendelea hivyo hivyo. Serikalini huitwa maskwota. Nyumbani kwetu waliitwa watu wetu, na tulilisema neno hilo kwa mapenzi, tukiamini kabisa kwamba ni mapenzi.

Basi tukafika kwenye zile taa za kioo. Kompyuta za mwanzo zilizotumia umeme zilijaa taa za kioo zilizonyonywa hewa ndani, maelfu kwa maelfu, chumba kizima, zinawaka na kuungua kila mara. Watoto wakataka kuziona. Kokoto wameziona, magurudumu wameyaona, mbona hizi nawachorea tu? Nikaenda Malindi mjini kwa fundi wa redio niliyemjua, nikamwuliza kama anayo hata moja. Akacheka, akasema hizo zimekwisha siku nyingi, ila ndugu yao wa mwisho bado yupo, nacho ni kile kioo cha kompyuta za kizamani, zile zenye kisogo kikubwa nyuma. Ndani ya kisogo kile mna taa moja kubwa ya kioo isiyo na hewa.

Shuleni tulikuwa nacho. Hoteli moja ya kule Bofa ilipobadilisha vyombo vyake ilitupatia kompyuta kuukuu sita, zote zikafa mwaka uleule, na kioo kimoja kilichobaki kizima kilikuwa kimefunikwa leso stoo. Nilimwambia fundi kwamba nitakifungua niwaonyeshe watoto. Akaacha kucheka. Nakuandikia maneno yake kama alivyosema, kwa sababu nimeyasikia kila siku tangu wakati ule. "Mwalimu, usikifungue peke yako. Kuna waya mnene una kofia ya mpira, ule hata ukichomoa umeme unabaki na moto wake ndani. Ningojee Jumatatu, nitakuja mwenyewe niutoe moto huo, ndipo watoto waangalie."

Jumatatu ilikuwa mbali. Alhamisi walikuwa wanakuja watu wa ofisi ya elimu kuangalia masomo, na mwalimu mkuu alikuwa amelitaja darasa langu. Nilitaka wakute kisogo kimefunguliwa, ile taa kubwa iko mezani, na watoto wa Magarini wanaeleza kitu ambacho watoto wa shule za mjini hawajawahi kukiona. Kwa hiyo sikungoja. Tena asubuhi ya Jumatano nilikiwasha kile kioo ofisini kumwonyesha mwalimu mkuu kwamba kilikuwa kizima, kikawaka, akafurahi, nikakichomoa nikakibeba mpaka darasani. Moto ule fundi aliousema niliutia mimi mwenyewe, saa moja kabla.

Nilifungua skrubu kwa bisibisi, nikaondoa ganda la nyuma, nikakigeuza ili mwone. Nilisema huyu hapa ni bibi yake simu, mkacheka. Nilitaka kuitoa ile taa kubwa, na waya wenye kofia ya mpira ulikuwa unaishikilia. Nikaunyooshea mkono. Nikayakumbuka maneno ya fundi, nikaurudisha mkono wangu.

Hapo ndipo ningeweza kusema, watoto, hapa sijui, tungoje Jumatatu. Maneno matano tu. Watu hamsini wananitazama, nimeshawachekesha, na kesho wageni wanakuja. Sikuyasema; niliuliza nani atanisaidia. Nilimwita Kadzo nikamwambia ashike ile kofia aivute taratibu, eti kwa sababu ana vidole vyembamba.

Alivuta. Mwili wake uliruka wote kwa mara moja, kiwiko kikakipiga kile chombo, kikaanguka naye upande uleule wa meza. Shingo ya ile taa ilivunjika kwenye saruji na kioo kikapasuka kwa mlio wa tairi la gari linalopasuka. Watoto wakakimbilia nje. Kadzo hakulia. Alikaa sakafuni, kiganja juu ya jicho la kushoto, damu inapita kati ya vidole, akaniambia, "Mwalimu, kimevunjika," kwa sauti ya mtu anayeomba msamaha. Nikamfunga mtandio wangu kichwani. Tulipanda boda watu watatu mpaka hospitali mjini, na njia nzima nilikuwa nasoma dua. Sitakudanganya kwamba zote zilikuwa zake.

Jicho halikuokoka.

Mwalimu mkuu alinikuta kwenye benchi la hospitali jioni ile, akauliza imekuwaje. Ningependa kukwambia kwamba nilifikiri, nikapima, shetani akanishinda. Hapakuwa na vita yoyote. Mdomo wangu ulisema, "Amegusa. Nilimkataza," kabla hata sijajua kwamba nitajibu. Uwongo mkubwa hauhitaji maandalizi, Maryam. Maandalizi huja baadaye, na hayo ndiyo yaliyokufikia wewe.

Mwalimu mkuu alisema ataita wazazi, na atataka kumsikia mtoto mmoja aliyekaa karibu. Aliyekaa karibu ni wewe. Kesho yake mchana, wewe unamenya viazi hapa hapa jikoni, nilikwambia ukiulizwa useme mama alimkataza. Ukaacha kumenya, ukasema, "Lakini hukumkataza." Nikakwambia nilimkataza kwa macho, wewe hukuona. Ukasema ulikuwa unanitazama. Nikakwambia wakinifukuza kazi hutasoma tena, nitarudi kukaa kwa babangu na wewe utakwenda kuolewa. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Ukaendelea kumenya.

Ofisini kwa mwalimu mkuu ulilisema vizuri. Nilikuwa nimesimama dirishani. Ulisema mwalimu alimkataza Kadzo mara mbili, na ile mara ya pili uliiongeza mwenyewe, sikukufundisha. Kadzo alikuwa amekaa mbele yako, bandeji imemfunika nusu ya uso, anakutazama kwa jicho lililobaki. Wewe ulitazama chini. Usiku ule ulikuwa na homa, na mimi nikamwambia babako ni malaria.

Siku ya nne Kazungu na mkewe walikuja hapa nyumbani. Mimi nilijua wanakuja kunidai jicho la mtoto wao, nikajifungia chumbani mpaka babangu, aliyekuwa amekuja kunitazama, akaniita nitoke. Nilipotoka nikawakuta barazani, Kazungu amevua kofia, mkewe ameshika jogoo miguu imefungwa, na mkeka mpya umekunjwa. Kazungu akasema, "Mwalimu, mtoto wetu ametuaibisha. Ameharibu chombo cha shule. Tumekuja kuomba radhi." Unajua kwamba watu wa kule wakikosana huja na kuku, na kuku akipokewa neno limekwisha, haliamshwi tena. Nilimtazama jogoo yule. Babangu akapokea kwa niaba yangu, akawaambia wasiwe na hofu, hakuna mtu atakayewahamisha. Wakashukuru. Walimshukuru babangu, na mimi wakanishukuru kwa kumwahisha mtoto hospitali.

Tulimla jogoo Ijumaa iliyofuata, kwa wali wa nazi. Firigisi ulipewa wewe.

Kadzo alirudi darasani baada ya miezi miwili. Alikaa nyuma. Aliyekuwa akisema bila kuinua mkono sasa alikuwa hasemi hata akiulizwa, na mimi niliacha kumwuliza, nikajidanganya kwamba nampumzisha. Wewe ulihamia dawati jingine. Mara ya kwanza ulipoisimulia habari yake kwa binamu zako nilikusikia unasitasita kidogo. Mara ya pili hukusitasita. Ulipofika sekondari ulikuwa umeshaamini, na nilipoona umeamini nilipumua. Nilidhani nimekuponya. Kadzo aliacha shule darasa la saba, na mimi nilitia sahihi karatasi ya kumtoa kwenye orodha.

Nilizikata zile kurasa mwaka uliofuata. Kila nilipofundisha safari ya kompyuta nilifika kwenye cherehani, nikakohoa kidogo, nikahamia kwenye transista. Hapo katikati paliachwa patupu. Kuna vijana wazima kule Magarini, wengine wanauza simu, wanaodhani kompyuta ilitoka kwenye gurudumu ikaruka mpaka kwenye kidude kidogo cha ndani ya redio. Waliofundishwa hivyo na mimi ni wengi kuliko ninaoweza kuwatafuta. Wakati mwingine mtoto mwerevu aliniuliza umeme uliingilia wapi, nami nikamwambia hilo halimo kwenye mtihani.

Usidhani nakusimulia haya ili unihurumie au uniogope. Sijui kama nina shauri la kukupa. Nilichojifunza ni kidogo na nimekipata kwa gharama ya mtu mwingine. Nimejua kwamba kila hatua ya hiyo safari utakayoifundisha ina mtu aliyeungua, aliyepofuka, aliyekufa akijaribu, na vitabu haviwataji, kama daftari langu lisivyomtaja Kadzo. Nimejua kwamba "sijui" ni neno ambalo mwalimu hulikosa mdomoni siku anapolihitaji, kwa hiyo lizoee mapema, liseme hata kwa mambo madogo. Na nimejua kwamba mtoto akiambiwa na mtu anayempenda kwamba hakuona alichokiona, ataacha kuona. Hilo nililijaribia kwako, na lilifanikiwa.

Juzi Alhamisi, siku moja baada ya dua yako, nilikwenda kwa Kadzo. Nilikuaga kwamba nakwenda sokoni. Ameolewa, anakaa huko huko Magarini, ana watoto wawili. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi, akainuka, akasema shikamoo mwalimu, akanipa kigoda chake na yeye akakaa chini. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu nitoke hapa. Nikayasema yote, kwamba nilimwita, kwamba nilijua hatari yake, kwamba nilimsingizia mbele ya wazazi wake. Hakuacha kupukuchua. Nilipomaliza akasema, "Najua, mwalimu. Mimi si nilikuwapo?"

Nikamwuliza kama babake, Mungu amrehemu, alikufa bila kujua. Akaniambia alimweleza siku ileile, kitandani hospitali. Babake akamwambia anyamaze, kwa sababu wao wanakaa kwa watu. Kisha wakatafuta jogoo.

Kwa hiyo walikuja barazani kwetu wakijua. Walinitazama usoni wakaniomba radhi, wakijua, na mimi nikapokea. Kadzo aliniuliza kama wewe unajua. Nikamwambia ulijua zamani, sasa umesahau, na aliyekusahaulisha ni mimi. Akasema miaka yote alidhani humsalimii kwa sababu unajua na unaona haya. Kumbe hata haya hukuwa nayo, akasema, na hakulisema kwa hasira.

Nikainuka niage. Ndipo akaniuliza jambo moja, mahindi bado mkononi, bila kuniangalia. "Mwalimu, siku ile mimi sikuinua mkono. Aliyeinua ni Maryam, karibu asimame kabisa. Mbona hukumwita yeye?"

Nilisema jua limekwenda na boda ananingoja. Akanisindikiza mpaka njiani, kama inavyompasa mtu aliyetembelewa na mwalimu wake.

Sikumjibu yeye, na ni haki yake kujibiwa kwanza. Kesho ukishapanda gari nitarudi kule nimjibu. Lakini nawe ulikuwa na swali hilo hilo, maana jioni ile, kabla hujajua jicho limekwenda, ulinuna ukaniambia simpendi mtoto wangu, namwita Kadzo tu kila siku. Nilikuona, Maryam. Mkono wako ulikuwa juu kuliko wote, unaita mwalimu mimi, mwalimu mimi, kwa sababu darasani nilikukataza kuniita mama. Nikayakumbuka maneno ya fundi. Nikakutazama wewe. Nikamwita Kadzo.

Mamako,
Zuhura